Kadi Ikigoma, Usikimbilie Namba ya Siri: Somo la Kulinda Daftari la Wateja

Somo la leo ni refu kidogo na lina amri za kompyuta ndani yake. Lihifadhi, ulisome jioni ukishamaliza kufunga mizigo. Hata kama huna laptopu usiruke, maana mwishoni kuna mambo matatu ya kufanya kwenye simu yako leo hii.

Mimi nauza vijora, madera na vitenge hapa Bagamoyo. Duka lenyewe ni chumba kimoja tu Magomeni, ila wateja wengi ni wa mtandaoni: Mapinga, Kerege, Bunju, Tegeta, mpaka Msata na Chalinze. Shule niliishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia video na kwa kuharibu. Kwa hiyo ninachowaambia hapa ni kile nilichokifanya kwa mkono wangu.

KWA NINI NILIANZA KUFUNGA DAFTARI LANGU

Mwaka 2023 nilipoteza fleshi ndani ya koasta nikitokea Makumbusho. Ndani kulikuwa na faili la wateja: jina, namba ya simu, anakoishi, vipimo vya nguo na deni alilobakiza. Nikajisemea, fleshi yenyewe ya elfu kumi, yameisha.

Hayakuisha. Wiki haikupita, wateja wakaanza kupokea meseji: ile hela ya kijora tuma kwenye namba hii, ya dukani ina shida. Sote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kawaida unacheka unafuta, kwa sababu haina jina lako wala haijui unadaiwa nini. Lakini hii ilitaja jina la mteja, nguo aliyoagiza na kiasi alichobakiza mpaka shilingi ya mwisho. Utaachaje kuamini? Wateja watatu walituma, jumla sh. 145,000. Nikayafuta madeni yao, maana taarifa zilitoka kwangu. Mtaji ulikaa sawa baada ya miezi miwili. Mteja mmoja kati ya wale hajarudi mpaka leo.

Na tukumbushane, hili sio suala la aibu tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitunze salama. Sisi tunaoandika "nyumba ya geti la bluu, mama yupo peke yake mchana" tunakusanya taarifa za watu, tusijidanganye.

KADI YENYEWE NI KITU GANI

Mjomba wangu anaishi Muscat. Nilipomsimulia, alinitumia vifunguo viwili vya USB, vidogo kama kucha ya kidole gumba. Ndani ya kila kimoja kuna smatikadi.

Usiogope jina. Smatikadi unayo tayari: laini yako ya simu ni smatikadi. Kadi ya benki yenye kile kidude cha dhahabu ni smatikadi. Zote zina kanuni moja: siri inakaa ndani ya chipu na haitoki. Simu haiichukui ile siri. Inaituma kazi ndani, laini inafanya hesabu yake, inarudisha jibu. Na ukikosea namba ya siri ya laini mara tatu, inajifunga mpaka uweke PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa, nenda kabadilishe.

Kifunguo changu kinafanya vilevile, ila siri iliyomo ni ufunguo wa kufungulia mafaili. Natumia programu ya bure inaitwa GnuPG, kwenye laptopu ya mtumba yenye Ubuntu. Inafanya kazi kwa vitu viwili: kufuli na ufunguo. Kufuli unaweza kumpa yeyote. Msichana anayenisaidia dukani anaweza kufunga faili jioni bila hata kuwa na kifunguo:

gpg -e -r duka wateja.ods

Linatoka faili jipya, wateja.ods.gpg, na lile la wazi tunalifuta. Kulifungua ni lazima kifunguo kiwe kimechomekwa na namba ya siri iandikwe:

gpg -o wateja.ods -d wateja.ods.gpg

Sasa hata fleshi ikidondoka kwenye koasta, aliyeiokota ameokota matapishi ya herufi.

SIKU ILIYOGOMA

Miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Halafu ikaja oda ya sare ya harusi: vijora 24, harusi Jumamosi kule Mapinga. Vipimo vya wamama wote 24 niliviandika kwenye faili, pamoja na nani ametoa kianzio na nani bado. Alhamisi saa tatu asubuhi fundi cherehani ananisubiri mkasi mkononi, nachomeka kifunguo, kompyuta inaniambia:

OpenPGP card not available: No such device

Yaani hakuna kadi. Na kadi ipo, naiona kwa macho, taa yake inawaka!

Nikachomoa, nikachomeka. Imegoma. Nikahamisha tundu. Imegoma. Nikaenda kununua maji, kurudi imekubali na inaniomba namba ya siri. Kwa vile nilishapaniki, nikaandika namba siyo. Nikaandika tena, siyo. Kumbe naandika ile namba ya msimamizi badala ya namba ya kawaida. Nikatishika, nikachomoa. Kuchomeka tena, hakuna kadi.

Mama mwenye harusi akapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, vipimo umeshampa fundi?" Nikajibu nampa muda si mrefu. Jasho linanitoka.

Nikampigia mjomba. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, umeiuliza kompyuta, au unaipigia kelele tu?"

Hapo ndipo somo la leo linapoanza.

ULIZA NGAZI KWA NGAZI

Kati ya kifunguo na faili lako kuna watumishi wanaofanya kazi chinichini. Huwaoni dirishani, hawana kitufe, ila wasipofanya kazi hakuna kitakachofunguka. Kwangu wako wawili. Wa kwanza anaitwa pcscd, yeye ni mpokezi wa kadi zote kwa ajili ya programu zote za kompyuta. Wa pili anaitwa scdaemon, huyu ni wa GnuPG peke yake. Ukijua hawa wawili, unajua pa kuuliza.

Swali la kwanza: je, kompyuta inakiona kifunguo kama kitu kilichochomekwa?

lsusb

Ukiona jina la kifunguo kwenye orodha, tundu ni zima na kifunguo ni kizima. Kwangu kilionekana. Usipokiona, tatizo ni la waya, tundu au kifunguo chenyewe, usihangaike na programu.

Swali la pili: je, mpokezi wa jumla anaiona kadi?

pcsc_scan

Kwangu iliiona na ikaandika jina lake. Ukimaliza bonyeza Ctrl na C kuifunga. Usiiache wazi, utaona sababu hapo chini.

Swali la tatu: je, GnuPG inaiona?

gpg --card-status

Hapa ndipo ikasema hakuna kadi. Kwa hiyo swali la kwanza ndiyo, la pili ndiyo, la tatu hapana. Tatizo liko kati ya la pili na la tatu. Namba ya siri haikuhusika hata kidogo! Nilikuwa nachoma nafasi zangu bure.

Angalizo: kama jibu la swali la tatu linasema "No SmartCard daemon", hiyo ni habari nyingine. Maana yake mtumishi wa pili hajasakinishwa kabisa. Kwenye Ubuntu anawekwa peke yake:

sudo apt install scdaemon pcscd pcsc-tools

MWAMBIE MTUMISHI AANDIKE ANACHOFANYA

Mjomba akaniambia nifungue faili la mipangilio ya scdaemon. Linakaa kwenye folda ya .gnupg, jina lake scdaemon.conf. Kama halipo, unalitengeneza mwenyewe. Nikaandika mistari mitatu:

verbose
debug-level basic
log-file /home/duka/scd.log

Hapo kwenye "duka" weka jina lako la kuingilia kwenye kompyuta. Kisha nikamzima mtumishi ili akiamka asome mipangilio mipya. Usipomzima ataendelea na ya zamani, hili linasumbua watu wengi:

gpgconf --kill scdaemon

Halafu nikauliza tena gpg --card-status, ikagoma tena, nikafungua scd.log. Humo ndani kulikuwa na mstari:

ccid open error: skip

Mjomba akacheka. Akanieleza kwa mfano wa dukani. Una msaidizi wawili na ufunguo mmoja wa stoo. Mmoja akiushika mfukoni, mwingine akija anakuta hakuna, anakuambia ufunguo umepotea. Haujapotea, umeshikwa. Scdaemon kwa kawaida haombi kadi kwa mpokezi wa jumla. Ana njia yake ya ndani ya kwenda moja kwa moja kwenye USB, na anataka aishike peke yake. Pcscd naye akishaishika, haiachii. Anayewahi ndiye anayepata.

Sasa kwa nini ilianza siku ile na siyo miezi ya nyuma? Kwa sababu Jumanne yake nilisakinisha programu ya kusimamia vifunguo, nione tu chaji... nacheka mwenyewe, kifunguo hakina chaji. Ile programu ikaja na pcscd, na dirisha lake nililiacha wazi. Na kwa nini ilikubali nilipokwenda kununua maji? Kwa sababu nilikuwa nimelifunga lile dirisha, na kwenye Ubuntu pcscd akikaa kama dakika moja bila kazi anajizima. Akijizima, kadi inabaki huru. Nikarudi, nikafungua dirisha tena, akaamka. Ndiyo maana ilikuwa inakubali na kugoma kama mtoto wa kudeka. Hakuna aliyekosea hapo, ni watumishi wawili ambao hakuna aliyewapangia zamu.

DAWA YENYEWE

Ni mstari mmoja. Kwenye faili lilelile la scdaemon.conf unaongeza:

disable-ccid

Maana yake: wewe scdaemon, achana na njia yako ya ndani, pitia kwa mpokezi wa jumla kama wenzako. Kisha unamzima tena:

gpgconf --kill scdaemon
sudo systemctl restart pcscd
gpg --card-status

Kadi ikatokea, na maelezo yake yote. Nilitamani kulia.

Ila elewa, bado wanapeana zamu. Scdaemon akiwa anaitumia kadi, ile programu ya kusimamia inaweza kukuambia haiioni. Usipaniki. Mzime scdaemon kwa amri ya hapo juu, fanya shughuli yako, funga dirisha, rudi kwenye kazi.

Jambo la muhimu: ukimaliza kutafuta tatizo, futa ile mistari mitatu ya kuandika kumbukumbu na ulifute faili la scd.log. Kumbukumbu za kina za kadi zinaweza kubeba vitu vya siri. Utakuwa umefunga mlango ukaacha dirisha wazi. Na ukiomba msaada kwenye makundi, usibandike faili zima, toa ule mstari wa kosa tu.

SOMA NAFASI ZILIZOBAKI KABLA YA KUANDIKA NAMBA

Kwenye majibu ya gpg --card-status kuna mstari huu:

PIN retry counter : 3 0 3

Namba ya kwanza ni nafasi ulizobakiza za namba ya siri ya kawaida. Ya mwisho ni za namba ya msimamizi. Ya katikati ni ya namba maalumu ya kufungulia, kama hukuiweka inasoma 0, wala si tatizo. Siku ile yangu ilisoma 1 0 3. Nafasi moja! Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa uji, nikarudi na karatasi niliyoandika namba, nikaandika polepole. Ikafunguka, na ukipatia inarudi kuwa 3.

Ningeikosa ile ya tatu, ningefungua kwa namba ya msimamizi. Ningekosea na ya msimamizi mara tatu, basi. Kadi inakubali kufutwa na kuanza upya tu, na ufunguo uliokuwemo umekwenda. Hakuna ofisi ya kwenda kuubadilisha kama laini. Hata aliyekitengeneza kifunguo hawezi kuutoa, na ndiyo maana tunakiamini.

Pia kama kifunguo ni kipya, badilisha namba za kiwandani. Kwenye kadi nyingi za aina hii ni 123456 kwa kawaida na 12345678 kwa msimamizi, dunia nzima inazijua. Unaandika gpg --card-edit, halafu admin, halafu passwd, unachagua ya kubadilisha.

USIFUNGE KITU USICHOWEZA KUKIFUNGUA KWA NJIA YA PILI

Hapa ndipo wengi wataumia, kwa hiyo soma mara mbili.

Ufunguo ukitengenezwa ndani ya kadi, hautoki. Kadi ikianguka baharini, daftari lako limekwenda nalo. Mimi niliutengeneza kwenye kompyuta kwanza, nikatoa nakala, ndipo nikauhamishia kwenye kadi:

gpg --export-secret-keys -o nakala.gpg duka

Fanya hivyo KABLA ya amri ya keytocard. Ukishahamisha na kuhifadhi, kwenye kompyuta kinabaki kivuli tu kinachosema ufunguo uko kwenye kadi fulani. Ile nakala niliiweka kwenye fleshi ambayo haikai dukani wala haipandi koasta. Iko nyumbani kwa bibi, ndani ya sanduku lake la kanga, na hakuna anayeligusa lile sanduku.

Kisha kwa kutumia ile nakala nikaweka ufunguo uleule kwenye kifunguo cha pili. Ukija kukitumia cha pili, kompyuta itakataa, itakuomba uchomeke kadi yenye namba ya ile ya kwanza. Haijaharibika, inakumbuka ya zamani. Iambie ijifunze upya:

gpg-connect-agent "scd serialno" "learn --force" /bye

Fanya jaribio hili siku ambayo huna haraka. Mimi kila mwisho wa mwezi, nikishapiga hesabu, nafungua faili kwa kifunguo cha pili. Akiba usiyoijaribu usiihesabu kuwa akiba.

KWA ASIYE NA LAPTOPU

Nimeahidi mambo matatu ya simu. Haya hapa.

Moja, weka namba ya siri kwenye laini, siyo kwenye simu tu. Simu ikiibwa, mwizi anahamishia laini kwenye simu yake na kupokea meseji zako zote za uthibitisho. Laini yenye namba ya siri itamgomea. Kabla hujaiwasha, tafuta ile kadi uliyopewa pamoja na laini, ina namba za kuanzia na PUK. Huna? Wapigie mtandao wako kwanza. Usibahatishe, una nafasi tatu tu.

Mbili, kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili. Namba sita tu, dakika moja.

Tatu, waambie wateja wako wote jina linalotokea wanapolipa kwako, na uwaambie halibadiliki kwa meseji. Jina likitokea tofauti, wasibonyeze moja, wapige simu kwanza.

Vijora 24 vilifika Mapinga Ijumaa jioni kwa bodaboda. Fundi alishona mpaka usiku wa manane na nikamwongezea sh. 20,000, maana kuchelewa hakukuwa kwake. Yule mama mwenye harusi hakuwahi kujua kilichotokea, na nadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa kifupi cha kubandika ukutani: kadi ikigoma, usiandike namba ya siri. Uliza ngazi kwa ngazi: tundu, mpokezi, kisha GnuPG. Soma nafasi zilizobaki. Halafu ndiyo uandike.

Niambieni hapo chini: orodha ya wateja wako inakaa wapi sasa hivi, na ikipotea leo, nani ataumia wa kwanza? Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Wiki ijayo nitaeleza namna ya kutenganisha vipimo na namba za simu, ili msaidizi wa duka aone anachohitaji tu.